Kodi, Bima ya Lazima au Mfuko wa Kaya: Uchague Ipi kwenye Mjadala wa Afya kwa Wote?

Uchaguzi ukikaribia, wagombea wetu wa Afrika Mashariki hukubaliana jambo moja: kila mtu atibiwe bila kufilisika. Wanapoachana ni kwenye pesa. Huyu anasema matibabu yawe bure, serikali igharamie kwa kodi. Yule anasema kila mtu akatwe, bima iwe ya lazima. Wa tatu anataja Rwanda: kaya zichange kidogo, serikali ijazie. Ukimsikiliza kila mmoja peke yake, ana hoja. Ukiwasikiliza wote jioni moja redioni, unalala hujui umwamini nani.

Na mjadala wenyewe si wa wanasiasa peke yao. Bili ya hospitali bado inauza ng'ombe na viwanja. Kundi la WhatsApp la ukoo linageuka kamati ya mchango kwa usiku mmoja, na zipo familia zinazochelewa kuzika kwa sababu maiti imezuiwa mochwari kwa deni. Kwa hiyo nitaziuliza njia zote tatu maswali yaleyale, nikitumia nchi zilizokwisha kuzijaribu, kisha niseme ipi inamfaa nani.

Maswali ya kupimia

Maswali ni matano. Pesa inatoka mfukoni mwa nani? Asiye na mshahara wa mwezi anaingiaje? Mgonjwa akifika hospitali anakutana na nini? Kitu gani huuangusha mpango? Na mpango wenyewe unamfaa nani?

Hayana uzito sawa. Kwangu mimi la pili ndilo kiini. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, wafanyakazi walio wengi hawana hati ya mshahara: ni wakulima, wavuvi, mama lishe, mafundi juakali, vijana wa bodaboda. Mwajiriwa ni rahisi kumkata, maana fedha hutoka kabla hajaishika. Mchuuzi wa samaki hakatwi na mtu, na kipato chake cha leo hakifanani na cha kesho. Mpango usiosema waziwazi yeye analipiwa na nani, na kwa fungu lipi, haujawa mpango wa wote hata ukiitwa hivyo kwenye mabango. Swali la tatu linafuata kwa karibu, kwa sababu kadi mfukoni haimponyi mtu kama rafu za dawa ni tupu.

Njia ya kwanza: kodi igharamie, mgonjwa asilipe

Mfano unaotajwa zaidi ni Uingereza. Tarehe 5 Julai 1948, waziri wa afya akiwa Aneurin Bevan, NHS, huduma ya afya ya taifa, ilianza kuwatibu wakazi wote bila malipo wanapofika kwa daktari, na hadi leo sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwenye kodi. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Tanzania ilitibu watu bure kwenye vituo vya umma kwa miaka mingi baada ya Uhuru, mpaka ada zilipoanza kurudishwa mwaka 1993, kuanzia hospitali za rufaa. Uganda ilifuta ada kwenye vituo vya umma Machi 2001. Kenya ilifanya majaribio kuanzia Desemba 2018 katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos.

Pesa inatoka kwa nani? Wapinzani wa njia hii husema hakuna cha bure duniani. Ni kweli, lakini wanasahau kwamba mama anayeuza nyanya sokoni tayari analipa: kwenye sabuni, kwenye muda wa maongezi, kwenye mafuta ya daladala anayopanda. Swali la haki hapa ni kodi ipi. Kodi ya mapato na ya faida za makampuni huwagusa zaidi wenye nacho. Kodi ya bidhaa za kila siku huwagusa wote, na mnyonge ndiye anayeumia zaidi ukilinganisha na alichonacho. Mgombea anayeahidi matibabu ya bure pasipo kutaja kodi atakayoigusa, ametoa ahadi nusu.

Asiye na mshahara anaingiaje? Hapa njia ya kodi inaziacha nyingine nyuma. Haulizwi kama amelipia mwezi huu. Hakuna kadi iliyoisha muda wala mtandao uliokataa kusoma alama ya kidole. Thailand iligundua hili kwa kupitia njia ndefu: iliwahi kuwauzia watu wa sekta isiyo rasmi kadi za afya za hiari, ikaona hazitoshi, ndipo mwaka 2001 na 2002 ikawaingiza wote waliobaki kwenye mpango wa kodi uliojulikana kwa ada yake ya baht 30 kwa kila ziara. Ada hiyo iliwahi hata kuondolewa mwaka 2006. Thailand wakati ule haikuwa nchi tajiri, na ndiyo maana watu wa afya kwetu hupenda kuirejea.

Mgonjwa anakutana na nini? Ada zilipofutwa Uganda, maskini walijitokeza vituoni kwa wingi. Hiyo peke yake ni habari njema: walikuwa wanaugulia nyumbani. Ila dawa zikaanza kuisha, na familia zikajikuta zinanunua nje kile walichoambiwa ni bure. Tanzania nayo ina sera ya msamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi. Sera ni nzuri, na imewaokoa wengi. Lakini kituo kinachomtibu mzee bure kinahitaji mtu wa kukirudishia gharama, na fedha hiyo isipokuja, mzee anafika dirishani na karatasi yake na kuambiwa: "Bibi, hii haipo, wakununulie hapo ng'ambo ya barabara." Mjamzito naye anaambiwa aje na glavu zake. Uingereza haina shida ya glavu, ina shida ya foleni: mwaka 2023 orodha ya wanaosubiri matibabu yaliyopangwa England ilipita milioni 7.

Kinachoiangusha ni bajeti. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi zilizolifikia lengo hilo na kulishikilia ni chache mno. Afya inaposhindania fungu moja na madeni, barabara na usalama, haina ulinzi wowote isipokuwa bunge lenye meno na wananchi wanaofuatilia.

Inamfaa nani? Mtu asiye na kipato cha uhakika, mhamaji, mtoto, mzee asiye na wa kumlipia. Inaifaa nchi inayokusanya kodi vizuri na yenye nidhamu ya kupeleka fedha zahanati kwa wakati. Haimfai sana mwenye ugonjwa unaohitaji matibabu ghali na ya haraka, katika nchi ambayo hospitali za umma zimeelemewa.

Njia ya pili: bima ya lazima, kila mtu achangie

Chimbuko lake ni Ujerumani ya kansela Bismarck, mwaka 1883, walipoanza na wafanyakazi wa viwandani. Leo kiwango cha msingi cha bima ya umma Ujerumani ni asilimia 14.6 ya mshahara, mfanyakazi na mwajiri wakigawana nusu kwa nusu. Kwetu, Kenya ilianzisha NHIF, mfuko wake wa taifa wa bima ya hospitali, mwaka 1966 na Tanzania ikaja na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao pia ukiitwa NHIF kwa kifupi, kwa sheria ya mwaka 1999, ulioanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma.

Tulitazame la Kenya kwa karibu, kwa sababu ndilo linalozungumzwa zaidi kwa sasa na linaonyesha uzuri na ugumu wa njia hii kwa pamoja. Oktoba 2023 Rais Ruto alitia saini sheria nne za afya, mojawapo ikiiondoa NHIF na kuleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, pamoja na mfuko wake wa bima, SHIF. Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza sheria kadhaa kati ya hizo kuwa kinyume cha katiba, hoja moja ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, na tarehe 1 Oktoba 2024 mfumo mpya ukaanza.

Pesa inatoka kwa nani? Chini ya NHIF, mwenye mshahara wa shilingi 20,000 za Kenya alikatwa 750 kwa mwezi. Mwenye 50,000 alikatwa 1,200. Mwenye 100,000 alikatwa 1,700, na mwenye nusu milioni akakatwa hizohizo 1,700. SHIF ikaweka asilimia 2.75 ya mshahara wote bila dari. Piga hesabu: wa 20,000 sasa analipa 550, amepata nafuu. Wa 50,000 analipa 1,375, ameongezewa kidogo. Wa nusu milioni analipa 13,750. Kwa kipimo cha mwenye nguvu kumsaidia mnyonge, hesabu ya sasa ni ya haki kuliko ya zamani, na ninalisema hilo nikijua kwamba wenye mishahara ya kati, waliokwisha kubanwa na makato mengine, wanalisikia kwa uchungu.

Kuna jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha, nalo ni mwajiri. Ujerumani analipa nusu. Tanzania mtumishi hukatwa asilimia 3 na mwajiri anaongeza asilimia 3. Kenya ile 2.75 yote inatoka kwa mfanyakazi. Wanaharakati wa Kenya wangetafuta sehemu moja ya kuisukuma serikali, ningewaomba waanzie hapo.

Asiye na mshahara anaingiaje? Kwa mlango mgumu. Kenya imeweka tathmini ya kipato: mtu anajibu maswali kuhusu kaya yake na mali zake, mfumo unakadiria uwezo wake na kumpangia kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Ukitazama 300 peke yake unaona ni afadhali kuliko zile 500 alizolipa mtu wa sekta isiyo rasmi enzi ya NHIF. Ugumu uko kwenye namna ya kulipa: anatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 kwa wale wa kiwango cha chini, na zaidi kwa wengine. Kijana wa bodaboda anaweza kutoa kumi kumi kila siku mwaka mzima asihisi. Kumwambia atoe 3,600 Januari, ada za shule zikiwa mlangoni, ni kumwambia abaki nje. Serikali yenyewe imeliona, ndiyo maana ikaleta utaratibu wa kumkopesha mtu mchango wake alipe pole pole.

Korea Kusini ilipita njia hii na ikafika. Mwaka 1977 ilianza na kampuni kubwa, na kufikia 1989 imewaingiza wote, wakulima na wajiajiri wakiwemo. Nayo ilitumia mali, hata magari, kukadiria mchango wa asiye na mshahara, na serikali ikatia ruzuku yake. Lakini miaka ile uchumi wake ulikuwa unapanda kwa kasi, na watu walikuwa wanaingia kwenye ajira rasmi kila mwaka. Sisi ajira rasmi ndiyo tunayoililia.

Mgonjwa anakutana na nini? Bima inapolipa kwa wakati, hakuna njia inayomheshimu mgonjwa kuizidi hii. Anachagua hospitali ya umma, ya misheni au ya binafsi. Magonjwa mazito yanabebeka. NHIF ya Kenya, pamoja na lawama zote ilizobeba, ilikuwa inalipia usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo mara mbili kwa wiki. Aliyewahi kuona familia ikilipia huduma hiyo mfukoni anajua inavyokausha nyumba kwa miezi michache tu.

Kinachoiangusha ni kuaminiana. Mfuko ukichelewa kulipa, hospitali zinadai fedha taslimu kwa mtu mwenye kadi hai. Madai hewa ya wagonjwa ambao hawakutibiwa yanakula michango ya waliougua kweli. Bei nazo ni uwanja wa vita: Machi 2024 Tanzania, hospitali kadhaa za binafsi ziligoma kuwapokea wanachama wa NHIF kwa kugombania kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bei zake, na wagonjwa wakabaki katikati. Kuna pia swali la mabavu. Sheria ya Kenya ilipotungwa ilitaka mtu aonyeshe amejisajili na kuchangia kabla ya kupata huduma za serikali, na kipengele hicho kikapingwa mahakamani. Kulazimisha kuna mantiki, kwa sababu ukiacha hiari wazima wanakaa pembeni na wagonjwa ndio wanaojiunga. Lakini kumnyima maskini huduma nyingine ya serikali kwa sababu hana mchango wa bima ni kumwadhibu kwa umaskini wake, na hapo mimi siko pamoja na waliokitunga kipengele hicho.

Inamfaa nani? Mwajiriwa na familia yake. Mwenye ugonjwa wa kudumu. Mfanyabiashara mdogo mwenye mtiririko wa kipato unaoeleweka. Haimfai mtu wa kipato cha kubahatisha, mpaka serikali ikubali kumlipia bila kumzungusha.

Njia ya tatu: mfuko wa kaya wenye ruzuku

Hii ndiyo ya Rwanda. Walianza majaribio mwaka 1999 katika wilaya tatu, nchi ikiwa bado imejeruhiwa vibaya na mauaji ya kimbari ya 1994, wakaisambaza nchi nzima katika muongo uliofuata. Tangu 2015 inasimamiwa na RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii. Zaidi ya watu wanane katika kila kumi wamo, na ukizingatia kipato cha wastani cha Mnyarwanda, hilo ni jambo la kuvulia kofia.

Pesa inatoka kwa nani? Kwa miaka mingi kaya zilipangwa kwa madaraja ya ubudehe, yaani makundi ya uwezo wa kimaisha, na wanajamii wenyewe walihusika kusema nani yuko wapi. Daraja la chini kabisa mchango wake, faranga 2,000 kwa kila mtu kwa mwaka, ulilipwa na serikali na wafadhili. Madaraja ya kati walilipa 3,000 na wa juu 7,000. Akifika kituo cha afya mwanachama analipa faranga 200, na hospitalini asilimia 10 ya bili. Mwaka 2020 walioajiriwa nao wakaanza kukatwa asilimia 0.5 ya mshahara halisi kuuongezea mfuko nguvu. Kwa hiyo anayesema Rwanda wanachanga wenyewe tu, hajasema yote: kodi na wafadhili wameubeba sana mfuko huo.

Tanzania ilikuwa na wazo hilohilo mapema zaidi. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio wilaya ya Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake 2001. Serikali iliahidi tele kwa tele, yaani kila kinachochangwa na wananchi nayo iongeze kiasi hichohicho. Mwaka 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, mwaka mzima. Ni bei ya chini sana. Hata hivyo, miaka yote hiyo wanachama wamebaki wachache, na wengi wanaojiunga hawarudi kuhuisha kadi.

Kwa nini Rwanda ikajaa na Igunga isijae? Nimeona watu wakilijibu kwa neno moja: nidhamu. Nadhani ni jibu la haraka mno. Rwanda walifanya mambo matatu ambayo sisi hatukuyafanya pamoja. Waliifanya kuwa ya lazima kisheria, na ya kaya nzima: baba hawezi kumsajili anayeumwa akawaacha wengine. Viongozi wa ngazi za chini walipimwa kazi yao kwa idadi ya waliojiunga, kupitia mikataba ya utendaji, imihigo. Na maskini wa chini kabisa hawakuambiwa wasubiri: walilipiwa. CHF ilikuwa ya hiari, mtu akaiona kama upatu ambao huenda asipokee zamu yake, na alipougua akakuta kadi inafanya kazi kwenye zahanati ambayo dawa zimeisha tangu wiki iliyopita. Kwa nini ahuishe?

Kulikuwa na shinikizo pia, na haifai kulificha. Kiongozi anayepimwa kwa idadi anaweza kumbana mwananchi. Anayetaka matokeo ya Rwanda aseme mapema kama yuko tayari kwa kiwango kile cha usimamizi, na kama katika nchi yake kingevumilika.

Mgonjwa anakutana na nini? Kituo cha karibu kinafanya kazi vizuri kwa malaria, nimonia, uzazi, chanjo, majeraha. Anapanda ngazi kwa rufaa tu. Ugonjwa ukiwa mkubwa, ile asilimia 10 ya bili inaweza kuwa mlima kwa mkulima, na kitita cha huduma ni chembamba kuliko cha bima ya mtumishi wa serikali.

Kinachoiangusha ni mfuko kuwa mdogo na ufadhili kuondoka. Inamfaa nani? Vijiji, kaya za wakulima wanaopata fedha wakati wa mavuno, nchi yenye uongozi wa mitaa unaofika mlango kwa mlango. Haimtoshi mwenye saratani au figo isipokuwa iunganishwe na mfuko mkubwa zaidi.

Kabla hujachagua: zote zinachanganywa

Wanasiasa wanazizungumza kama timu tatu zinazocheza ligi. Ukweli ni kwamba karibu kila nchi imechanganya. Ghana, kwa sheria yake ya 2003, ina bima ya taifa, lakini sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwenye tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma. Kenya, pamoja na SHIF, ina Mfuko wa Afya ya Msingi unaotegemea bajeti, ili zahanati na vituo vya afya vitibu bila malipo, na mwingine wa dharura na magonjwa sugu. Tanzania, katika Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, imeweka utaratibu wa kuwalipia wasio na uwezo, vyanzo vikiwemo tozo za vinywaji na michezo ya kubahatisha. Uganda bunge lilipitisha muswada wa bima Machi 2021, ukakwama bila saini ya rais.

Kwa hiyo anapokuja mtu na kusema "sisi ni bima" au "sisi ni bure", muulize nguzo kuu ni ipi, na nyingine zinasaidia wapi. Majibu mengi ya maana yako kwenye sentensi anayoisema baada ya hapo.

Kulingana na hali yako

Ukiwa umeajiriwa, utakatwa kwa njia yoyote ile, kama si kwa bima basi kwa kodi. Unachopaswa kukipigania ni mwajiri kuchangia, wategemezi kuhesabiwa kwa haki, na mfuko kuchapisha mahesabu yake kila mwaka. Bima ya lazima iliyosimamiwa vizuri inakufaa. Usiipinge kwa sababu tu inamsaidia pia asiyechangia. Ukiachishwa kazi kesho, utakuwa yeye.

Ukiwa unajiajiri na kipato chako kinapanda na kushuka, elekea kwa anayetaka huduma za msingi zigharamiwe na kodi, na mchango wa bima, kama upo, ulipwe kwa wiki au kwa msimu kupitia simu. Anayekutaka ulipe mwaka mzima kwa mkupuo hajafika kwenye kibanda chako.

Nyumbani kukiwa na mgonjwa wa figo, kisukari, presha au saratani, usivutwe na jina la mpango. Soma kitita. Uliza vipimo vingapi, mara ngapi kwa wiki, kikomo cha fedha ni kiasi gani, na kikiisha nini kinafuata. Hapa mfuko mpana wa taifa hushinda mfuko mdogo wa jamii karibu kila mara, kwa sababu gharama kubwa ya mmoja hubebwa na wengi.

Kijana mzima asiyekumbuka lini aliumwa huona michango ni hasara. Ninamwelewa, lakini ajali ya pikipiki haiulizi umri. Kama hapendi kukatwa, basi aunge mkono njia ya kodi kwa dhati na akubali kodi zenyewe. Kupinga zote mbili ni kuuacha mzigo wote kwa mama yake.

Walio mbali na mji, ambako kituo ni kimoja na barabara hukatika masika, wapime ahadi kwa wahudumu na dawa kwanza. Bima bila kituo ni karatasi. Kwao, fedha ya kodi iliyokwenda moja kwa moja zahanati, au mfuko wa kaya wenye usimamizi wa karibu, huzaa matunda mapema kuliko mfumo wa kitaifa wa kadi unaotegemea mtandao.

Na wewe uliye Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au Minnesota, unayetumia wazazi fedha za hospitali kila mara, una nafasi ambayo wengi hawaitumii. Mjadala wa kitaifa utachukua miaka. Wakati huo, mzazi wako anaweza kusajiliwa kwenye mpango uliopo nchini kwake, ukalipia mchango wa mwaka kwa jina lake kabla hajaugua. Kabla hujalipa, mpigie mtu aliye karibu naye akuulizie kwenye kituo chake cha afya, si makao makuu, kama kadi hiyo inapokelewa hapo, dawa zake za presha zimo kwenye orodha, na mwezi uliopita zilikuwepo kweli.